Simu ya Linux inalala. Je, inaamka?

Ukitaka kujua simu ya Linux imefikia wapi, usianze na picha za kioo chake. Zima kioo, iweke mezani, iache nusu saa mpaka ilale usingizi mzito, kisha ipigie kwa simu nyingine. Ikilia mara ya kwanza, ukaipokea na sauti ikasikika pande zote mbili, hapo una simu. Isipolia, una kompyuta ndogo iliyowekewa laini.

Hicho ndicho kipimo changu, nami nimekipitishia kila kifaa kilichonifikia mkononi. Mazungumzo mengi kuhusu simu hizi huishia kwenye programu: ipi ipo, ipi haipo, ipi inafanana na ya Android. Kwa maoni yangu upande huo umekomaa kuliko watu wanavyodhani. Kinachotuchelewesha kiko chini zaidi, kwenye kerneli (kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa), modemu (kipande kinachozungumza na mtandao wa simu) na namna simu inavyolala na kuamka. Huko ndiko natamani nguvu zetu ziende.

Tuelewane kwanza. Android nayo inaendeshwa na kerneli ya Linux, kwa hiyo kwa hesabu hiyo karibu kila mtu anayo Linux mfukoni. Ninayoizungumzia hapa ni simu ambayo juu ya kerneli ina mfumo uleule tunaoutumia kwenye kompyuta: Debian, Alpine, Fedora na ndugu zao. Ina meneja wa vifurushi, ina terminali, ina Wayland ya kuonyesha madirisha kwenye kioo. Unaingia kwa SSH ukiwa kwenye kompyuta yako, unasoma logi, unabadili mstari mmoja wa msimbo, unajenga upya, unaona matokeo. Uhuru huo ndio ulionivuta, na bado unanishikilia.

Safari hii ina umri. Neo 1973 ya mradi wa Openmoko ilitoka mwaka 2007. Nokia N900, yenye Maemo 5 na kibodi ya kuteleza, ilifuata mwaka 2009, na hadi leo wapo wanaoizungumzia kwa mapenzi. Februari 2011 Nokia ikachagua Windows Phone. N9 yenye MeeGo ikatoka mwaka huohuo ikiwa haina tena mtu wa kuipigania ndani ya kampuni. Baadhi ya waliokuwa kwenye kazi ile wakaanzisha Jolla, na mwaka 2013 simu yao ya kwanza ikatoka na Sailfish OS. Mwaka huohuo Canonical, kampuni ya Ubuntu, ikachangisha fedha kwa ajili ya simu ya Ubuntu Edge: lengo lilikuwa dola milioni 32, zikaahidiwa kama milioni 12.8, mpango ukafa.

Mwaka ninaouona kuwa wa maana kuliko yote ni 2017. Aprili, Canonical ilitangaza kuacha simu kabisa, na jumuiya ya UBports ikauchukua Ubuntu Touch, mfumo wa simu wa Canonical, na kuendelea nao. Mei, postmarketOS ilijitokeza hadharani, ikisimama juu ya Alpine Linux, na lengo lake la kwanza lilikuwa kuipa simu maisha ya miaka kumi. Agosti, kampuni ya Purism ikaanza kuchangisha kwa ajili ya simu yake, Librem 5, na kuvuka dola milioni mbili. Kampuni kubwa ilitoka, watu wadogo wakaingia, na karibu kila kitu tunachotumia leo kina mzizi wake katika miezi ile.

Librem 5 ilichelewa. Iliahidiwa kufika Januari 2019, ikaanza kutoka kwa mafungu mwishoni mwa mwaka huo, na toleo la kuzalishwa kwa wingi likaanza kutumwa Novemba 2020. Waliosubiri walikasirika, na walikuwa na haki. Hata hivyo lazima niseme wazi kwamba kazi iliyofanywa kwa fedha zile ilimfikia kila mtu. Phosh, kiolesura ninachokitumia kila siku, kilizaliwa humo, kikiongozwa na Guido Günther wa Debian. Maktaba ya libhandy, iliyowezesha programu za GNOME, mazingira ya kazi ya kompyuta za Linux, kujikunja zikaenea kwenye kioo kidogo, ilizaliwa humo pia. Baadaye mawazo yake yakaingia kwenye libadwaita ambayo sasa ni msingi wa programu za GNOME. Hata mwenye kompyuta tu, asiyejua kama kuna simu iitwayo Librem, anatumia matunda yake kila anapobana dirisha likajipanga upya.

PinePhone ya kampuni ya Pine64 ilikuja kwa njia nyingine. Toleo la kwanza, BraveHeart, lilianza kutumwa Januari 2020 kwa dola 149. Chipu yake ni Allwinner A64, ya zamani hata kwa wakati ule, yenye RAM ya GB 2. Ndani, chini ya kifuniko cha nyuma, kuna swichi ndogo za kukata modemu, WiFi, maikrofoni na kamera kimoja kimoja. Betri inatoka kwa ukucha. Pine64 haikuandika mfumo wenyewe. Ilitengeneza kifaa na kuwaachia jumuiya waandike. Kwa bei ile, mamia ya watu wenye ujuzi walijikuta wana kifaa kimoja cha kushughulikia, na hilo liliharakisha mambo kuliko tangazo lolote. PinePhone Pro ikafuata, ikitangazwa Oktoba 2021 kwa dola 399, na mwaka 2025 Pine64 ikatangaza kuisitisha. PinePhone ya kwanza, iliyo dhaifu zaidi, imeishi kuliko mdogo wake.

Sasa nirudi kwenye usingizi, maana hapa ndipo penye kazi.

Kompyuta ya mapajani inapolala inaruhusiwa kufa kwa muda. Hakuna anayetarajia ijibu kitu hadi afungue kifuniko. Simu inatakiwa ilale kiasi cha kutokula betri, na wakati huohuo sikio moja libaki wazi. Kwenye PinePhone sikio hilo ni modemu ya Quectel EG25-G, ambayo ni kifaa kinachojitegemea, kina prosesa yake, na ndani yake kinaendesha Linux nyingine kamili. Simu ikilala, prosesa kuu inazimwa. Inayobaki macho ni modemu pamoja na kiini kidogo cha aina ya OpenRISC ndani ya A64. Kiini hicho kilikaa bila kazi ya maana hadi ilipoandikwa Crust, programu huria inayokifanya kiwe mlinzi wa usiku. Kabla ya Crust, PinePhone ilimaliza chaji kabla ya jua kuzama.

Fuatilia kinachotokea mtu anapopiga. Modemu inainua ishara kwenye waya mmoja. Mlinzi anaiona, anaamsha prosesa kuu. Kerneli inarudi, inawasha vifaa kimoja baada ya kingine, na kwa kuwa modemu imeunganishwa kwa USB, njia ya USB nayo lazima iamke na kuitambua upya. ModemManager, programu inayosimamia modemu, inaiona, inauliza hali yake, inagundua kuna simu inayoingia. Inaiambia Calls, programu ya kupigia simu, kupitia D-Bus, njia ambayo programu za Linux huambiana mambo. Phosh inawasha kioo, feedbackd inapiga mlio na kutetemesha. Ukipokea, callaudiod inahamisha njia za sauti ili spika ya sikioni na maikrofoni ziunganishwe na modemu. Yote haya yafanyike kabla mpigaji hajachoka.

Kila pete katika mnyororo huo imeandikwa na watu tofauti, kwa nyakati tofauti, na nyingi hazikuandikwa kwa ajili ya simu. ModemManager ilianza kwa ajili ya modemu za kuchomeka kwenye kompyuta, ambako kulala na kuamka kwa haraka halikuwa jambo la kufikiria. Ndiyo maana nimewahi kuwa na kifaa kilichokuwa kinaamka vizuri kabisa na kulia kwa nguvu, sekunde chache baada ya mpigaji kukata. Mtu akiona vile husema "Linux haiwezi." Mimi niliingia kwenye logi, nikaona muda wote unapotelea kati ya USB kuamka na ModemManager kumaliza maswali yake. Baadaye ModemManager ikapata njia ya kuamka bila kuanza upya kila kitu, na simu zikaanza kulia kwa wakati. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyonunua simu yenyewe.

Kuna habari nyingine ya modemu hii ambayo naipenda sana. Kwa kuwa ndani yake kuna Linux, jumuiya iliweza kuondoa programu za kiwandani za upande huo na kuweka zao zilizo huria. Sehemu inayoshughulika na mawimbi ya redio bado imefungwa, na hilo ni kweli kwa kila simu ninayoijua, lakini mpaka umesogezwa ndani zaidi kuliko nilivyowahi kutarajia.

Simu ninayobeba mwenyewe kila siku ni OnePlus 6 yenye postmarketOS na Phosh. Ilitoka mwaka 2018 ikiwa ya Android, na chipu yake ni Snapdragon 845. Chipu hiyo imekuwa kama uwanja wa jumuiya: OnePlus 6 na 6T, Poco F1 na SHIFT6mq zote zinaitumia, kwa hiyo kazi inayofanywa kwa moja inazisaidia zote. Kiendeshi cha picha (programu inayouwezesha mfumo kutumia chipu ya picha), kiitwacho freedreno, kilianza kwa Rob Clark kuchunguza chipu za picha za Adreno kutoka nje bila nyaraka za kiwanda, na leo kinafanya kazi vizuri kiasi kwamba kioo kinateleza bila kukwama. Modemu humu imo ndani ya chipu kuu, haipiti kwenye USB, kwa hiyo tatizo lile la kuitambua upya halipo. Badala yake kuna programu ya modemu iliyofungwa na kutiwa saini na mtengenezaji, ambayo kerneli inaipakia wakati wa kuwaka.

Hapa lazima nieleze njia mbili, kwa sababu watu huzichanganya halafu wanashangaa kwa nini simu moja ina kamera nzuri na nyingine haina.

Njia ya kwanza ni kuchukua kerneli ya Android ya mtengenezaji pamoja na viendeshi vyake vilivyofungwa, kisha kuweka mfumo wa Linux juu yake kwa msaada wa libhybris, maktaba inayowezesha programu za kawaida za Linux kutumia vipande vilivyotengenezwa kwa ajili ya Android. Sailfish inafanya hivyo kwenye simu za Sony Xperia. Ubuntu Touch inafanya hivyo kwenye vifaa vingi kupitia mradi wa Halium, na FuriOS ya simu ya FLX1 vilevile. Kamera inafanya kazi, betri inadumu, sauti iko sawa, kwa sababu chini kabisa ni kazi ya mtengenezaji mwenyewe. Ukihitaji simu ya kutegemea leo hii, na hutaki kusoma logi, njia hii ndiyo ninayokuelekeza bila kusita.

Lakini kerneli ile imegandishwa. Mtengenezaji akiacha kuitunza, nawe umeachwa. Jumuiya inaweza kuibandika viraka, haiwezi kuivusha kwenda kwenye kerneli mpya, kwa sababu viendeshi vilivyofungwa havitaikubali.

Njia ya pili ni ile ya postmarketOS, Mobian na PureOS: viendeshi viandikwe upya, viwe huria, vipelekwe hadi kwenye kerneli kuu ya Linux. Ni kazi ngumu na ya polepole. Mtu anakaa miezi akitafuta kwa nini spika ya chini haitoi sauti. Lakini kiendeshi kikishaingia kwenye kerneli kuu, kinatunzwa pamoja na vingine vyote, na simu ya mwaka 2018 inapata kerneli ileile mpya ambayo seva na kompyuta zinapata. Mimi nimesimama upande huu. Simu ninayoibeba iliachwa na mtengenezaji wake zamani, na bado kila mwezi inapokea maboresho, mengine yakitoka kwa watu wasiojua hata kwamba ipo.

Gharama ya njia hii ninailipa kwenye kamera. Kamera ya simu ni lensi, kihisi, na kisha lundo la mahesabu ambayo viwanda huyaficha. Megapixels iliandikwa kwa ajili ya PinePhone na ilifanya muujiza kwa kihisi kidogo kile. Mradi wa libcamera unajenga msingi wa pamoja, na tangu 2024 unaweza kuchakata picha kwa prosesa ya kawaida pale ambapo chipu ya picha haina kiendeshi. Picha zinatoka. Hazipendezi bado. Kwa picha za familia nabeba kamera.

VoLTE, yaani kupiga simu kupitia mtandao wa 4G, ndiyo inayoninyima raha zaidi. Mitandao inafunga 3G; Marekani kampuni zote tatu kubwa zilifunga mwaka 2022. Simu inayojua kupiga kwa 2G na 3G tu, mitandao hiyo ikizimwa, inabaki na data pekee. EG25-G ya PinePhone inajua VoLTE yenyewe ukiiwekea wasifu unaolingana na mtandao wako. Kwenye chipu za Snapdragon mambo ni magumu, kwa kuwa sehemu ya kazi ya VoLTE hufanywa na programu zilizofungwa upande wa Android, na ukiiondoa Android umeziondoa nazo. Wapo wanaoandika mbadala. Kama kuna sehemu moja ambayo ningeomba mwenye fedha aweke fedha zake, ni hii. Kiolesura kizuri hakitamsaidia mtu ambaye simu yake haiwezi kupiga.

Alamu ya asubuhi ni mtihani mwingine wa usingizi, na ni rahisi kuupuuza. Programu nyingi za saa ziliandikwa kwa kompyuta iliyo macho. Simu ikilala, nazo zinalala. Ili alamu ilie, kitu lazima kiiambie saa ya ndani ya kifaa iiamshe simu dakika fulani. Zipo programu zinazofanya hivyo sasa. Jaribu yako usiku wa siku ambayo huna safari kesho yake.

Na meseji za intaneti? Android ina muunganisho mmoja unaobaki wazi kwenda kwa Google, na kila programu inapitishia taarifa zake humo, hivyo simu nzima inalala huku mlango mmoja ukilindwa. Sisi hatuna mlango wa pamoja wa namna hiyo kwenye kila mfumo. Ubuntu Touch ina seva yake. Kwingineko kuna UnifiedPush, ambayo ni makubaliano huria yanayokuruhusu kuchagua nani akulindie mlango, na mradi wa KDE umeanza kuitumia. Hadi ienee, chaguo ni mawili: simu ilale na meseji zije ukiiamsha, au isilale na betri iishe. Mimi nimechagua ilale. Anayenihitaji kwa haraka ananipigia, au anatuma SMS, ambayo huiamsha simu kupitia modemu kama mtu anapopiga.

Kuhusu mahali ulipo, mwaka 2024 Mozilla ilifunga huduma yake iliyokuwa ikikadiria mahali kwa kutumia WiFi na minara iliyo karibu, na simu nyingi za Linux zilikuwa zinaitegemea. beaconDB imejitokeza kuziba pengo, na data yake inakusanywa na watu wa kawaida wanaotembea na simu zao. Ukiwa na GPS pekee, unasubiri chini ya anga hadi setilaiti zionekane.

Programu zenyewe nitazipitia haraka, kwa kuwa hapa habari ni njema. Phosh ni tulivu na inaeleweka. Plasma Mobile ya KDE ina mambo mengi zaidi ya kurekebisha, na tangu Plasma 6 ya Februari 2024 imepiga hatua kubwa. Sxmo ni ya wanaopenda kibodi na hati za shell. Unaiendesha kwa vitufe vya sauti na cha kuwashia, na kwenye PinePhone ndiyo nyepesi kuliko zote. Lomiri ya Ubuntu Touch bado ina ishara za vidole nzuri kuliko zote nilizowahi kutumia, naziota ninapokuwa kwenye Phosh. Barua pepe, kalenda, ramani, podkasti, Matrix, Mastodon, kusoma vitabu, nenosiri: vyote vipo, na nyingi ni programu zilezile za kwenye kompyuta. Tovuti ya LinuxPhoneApps.org inaziorodhesha ikionyesha ipi inakaa vizuri kwenye kioo kidogo. Firefox inapangwa upya kwa mobile-config-firefox na inatosha.

PinePhone ndiyo inayoanza kuachwa hapa. Chipu yake ya picha, Mali-400, inaishia OpenGL ES 2.0, kiwango cha zamani cha kuchora picha, wakati zana za kuchora madirisha zinazidi kudai zaidi ya hapo. Kiendeshi huria cha Lima kimefanya kila kiwezacho. Nasikitika, kwa sababu hiki ndicho kifaa kilichotulea.

WhatsApp na benki, basi. Waydroid inaendesha Android nzima ndani ya kontena, na programu nyingi hufunguka humo na kufanya kazi kwa kasi ya kuridhisha. Hazitakuamsha simu ikilala, kwa sababu niliyoeleza. Za benki ni bahati: nyingi huuliza Google kupitia Play Integrity kama kifaa ni halali, na kontena haliwezi kutoa jibu linalotakiwa. Sioni hili likitatuliwa kwa msimbo, maana lango limewekwa makusudi na mwenye funguo ni mmoja. Ninachofanya ni kutumia tovuti ya benki, na kwa huduma za namba zinazoanza na nyota na kuishia na reli, programu ya Calls inazipiga na kuonyesha majibu bila shida.

Nasikia watu wakisema Android iliyo huria inatosha, kwa nini tujisumbue. Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa la kiufundi. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026, kwa kuanzia Brazili, Indonesia, Singapoo na Tailandi, programu itakayowekwa kwenye simu ya Android iliyothibitishwa lazima iwe ya msanidi aliyejisajili kwake kwa utambulisho wake, hata kama haipiti Play Store. Baada ya malalamiko iliahidi njia kwa watumiaji wenye uzoefu. Hata ikiitimiza ahadi hiyo, imeshaonyesha nani mwenye uamuzi juu ya kinachowekwa kwenye kifaa ulichokinunua. Mwaka huohuo wa 2025 Google ilihamishia kazi ya kila siku ya kuandika Android ndani ya kuta zake, na msimbo unatolewa toleo likishakamilika. Nataka kuwe na mlango mwingine uliojengwa na kujaribiwa kabla hatujauhitaji.

Ukitaka kuanza, usisubiri simu mpya ya ndoto. Tafuta iliyotumika, iliyo kwenye orodha ya postmarketOS, na ukurasa wake usome mstari kwa mstari: simu, SMS, data, sauti, kulala. Kioo na WiFi vikiwa vya kijani havikwambii kama utapigiwa ukapatikana. Hakikisha butiloda yake, programu ndogo inayoanzisha mfumo simu ikiwashwa, inafunguka, na kumbuka kwamba kuifungua kunafuta kila kitu kilichomo. Picha ya mfumo iliyo tayari inatosha kwa mara ya kwanza. Pmbootstrap, zana ya kujijengea postmarketOS mwenyewe, utaifikia ukianza kutaka kubadili mambo.

Kisha fanya ule mtihani wa nusu saa mezani. Ukishindwa, washa logi za ModemManager kwa kina, rudia, na uandike ripoti: toleo la kerneli, mtandao wako wa simu, aina ya huduma uliyokuwa nayo wakati ule, saa kamili ulipopiga na saa kerneli ilipoamka. Aliyeandika msimbo huenda yuko nchi nyingine, kwenye mtandao mwingine, na kwake simu inalia kila mara. Minara yako hawezi kuijaribu, wewe unaweza.